Siku tano za kumfuata sulisuli, kutoka Feri hadi Fungu Kizimkazi

Mimi ni fundi friji. Kazi yangu kubwa ni mafriza ya samaki na mashine za barafu, kwa hiyo bahari naijua zaidi kwa harufu kuliko kwa mawimbi. Januari 2025 nilimtengenezea mafriza mawili mwenye boti mmoja wa Kunduchi anayepeleka wageni kuvua kwa mchezo. Kompresa moja ilikuwa imeungua kabisa. Hesabu ikafika shilingi 380,000, naye akaniomba nimvumilie, wageni hakuna. Nikavumilia wiki mbili. Mwisho akasema, "Fundi, nina nafasi moja kwenye boti mwezi wa pili. Njoo upande, tuyamalize."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nikamuuliza mwenye boti kwa nini wageni wamepungua, akanijibu, "Sulisuli wamepungua. Na sulisuli wamepunguzwa na karatasi." Sulisuli ni yule samaki mrefu mwenye mdomo kama mkuki na pezi la mgongo kama tanga. Maneno yenyewe sikuyaelewa. Nikaamua kuifanya safari yenyewe, kuanzia pale ninapomwona huyo samaki kila siku bila kumtazama.

Jumatatu, 10 Februari: Feri

Nilitoka Mbagala saa kumi usiku, daladala 700 hadi Posta, nikashuka kwa miguu mpaka soko la samaki. Mwezi ulikuwa unakaribia kukomaa, na kwenye meza za dagaa palikuwa peupe. Wavuvi wa dagaa huwavuta kwa taa usiku, na mbalamwezi ikiwa kali taa haina kazi, kwa hiyo wanapumzika. Kama unakwenda Feri kununua dagaa wabichi, tazama mwezi kwanza.

Kolekole, nguru na changu walikuwapo. Kwenye sakafu, pembeni ya mnada, walilazwa sulisuli watatu wakiwa wameshakatwa midomo. Nilichuchumaa nikavuta pezi la mgongo la mmoja kwa vidole viwili. Likafunguka nusu, likakwama, kama mwavuli uliovunjika njiti. Rangi yake ilikuwa ya lami. Dalali akanitazama. "Unanunua au unapima shuka?"

Yule mkubwa alikwenda kwa laki moja na arobaini. Aliyemchukua ni mama mmoja wa upande wa kukaanga, nami nikamfuata kwa sababu nilikuwa na njaa. Ndani ya nusu saa yule samaki mrefu kuliko mimi alikuwa vipande vya 1,000 na 2,000 kwenye mafuta yanayochemka. Nyama yake nyekundu kidogo, kavu, inataka ndimu nyingi. Nilikula viwili na ugali, jumla 3,500 pamoja na maji.

Nilimuuliza mama kama bei hii ndiyo ya siku zote. Akasema inategemea kama kuna "wa meli". Meli kubwa zenye leseni ya bahari kuu zinavua jodari, lakini ndoana haichagui, na sharti la leseni linataka samaki wasiolengwa washushwe hapa nchini. "Wakishushwa wale wa barafu, mwanangu, huyu wa mashua bei yake inalala. Mimi nafurahi siku hiyo. Aliyekesha baharini hafurahi."

Hapo wazee wawili waliokuwa wakisubiri vichwa vya samaki wakaingilia, na mazungumzo yakaenda kulekule yanakokwenda kila ukitaja meli za kigeni Dar: samaki wa Magufuli. Kwa wasiokumbuka, Machi 2009 meli iitwayo Tawariq 1 ilikamatwa katika maji yetu ikiwa na karibu tani 300 za samaki, wakati John Magufuli akiwa waziri wa mifugo na uvuvi. Kesi ilikwenda mpaka watu wakahukumiwa mwaka 2012, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu. Wazee walibishana kama nusu saa kuhusu ladha ya wale samaki. Hakuna aliyetaja walikuwa samaki gani.

Kwa atakayekwenda: fika kabla ya saa moja asubuhi, vaa viatu vinavyooshwa, usipige picha ya mtu bila kumwomba. Na chukua ndimu zako mwenyewe. Za pale zinauzwa kama dawa.

Jumanne, 11 Februari: Kigamboni hadi Kimbiji

Kivuko kilikuwa bado shilingi 200, unalipa kwa kadi ya N-Card. Foleni ilinichukua dakika hamsini kwa sababu chombo kilichokuwa kikifanya kazi ni kimoja. Ukiwa na gari na haraka, zunguka daraja la Nyerere, ulipe, uende zako.

Kutoka Kibada nilipanda Noah ya watu saba, tukiwa kumi na mmoja. Mbele ya Mwasonga, kwenye kipande cha vumbi, tairi likapasuka, na la akiba lilikuwa na upara kuliko lililopasuka. Tulikaa chini ya mkorosho zaidi ya saa moja. Dada mmoja aliyekuwa na ndoo ya maandazi ya kuuza Kimbiji akaanza kuyagawa kwa nusu bei, kisha bure kwa watoto, akisema yakipoa zaidi hayatauzika. Aliponiambia nimtafute mjomba wake pwani, anayejua nyavu, safari yangu ikapata mwenyeji.

Mzee nilimkuta amekaa juu ya boya lililogeuzwa kiti, anatia viraka jarife. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akanisukumia ncha ya wavu niishike. Jarife ni wavu wa macho makubwa, unaotegwa kwa papa na yule samaki bapa aitwaye taa. Niliingiza mkono wangu kwenye jicho moja ukapita mpaka kwenye kiwiko.

"Huyo sulisuli wako simtegi," alisema. "Anakuja mwenyewe, kaskazi. Anafukuza vidagaa, usiku haoni wavu. Asubuhi namkuta ameshakufa. Sasa nimtupe?"

Nilimuuliza kama wamepungua. Akahesabu kwa mafundo ya wavu. Zamani, kaskazi moja, kila wiki walikuwa wakimpata mmoja, wawili. Msimu uliopita wote alipata watatu. Lawama hakuzipeleka kwa mtu mmoja. Alianza na baruti, ambayo pwani hii iliisikia miaka mingi kabla haijadhibitiwa, na kwamba ikishaua samaki wadogo wakubwa hawana cha kufuata. Akaja kwenye nyavu, pamoja na zake. Kisha akanyoosha sindano kuelekea mashariki: "Na wale tusiowaona."

Jioni alinikaribisha nyumbani. Wali wa nazi, mchuzi wa kolekole, pilipili mbichi ya kuponda. Sebuleni palikuwa na taa nyeupe inayowaka vizuri, nami kwa mazoea ya ufundi nikafuata waya. Ulikwenda hadi dirishani, kwenye kibao kidogo cha sola cha duara, kimekaa juu ya ganda gumu la plastiki lenye namba ubavuni. Mzee akacheka. Kilikuwa boya la setilaiti kutoka chelezo cha meli ya kuvua jodari, yaani kile kinachoachwa kielee baharini ili samaki wakusanyike chini yake, lililoletwa ufukweni na mkondo. Betri yake bado nzima.

Nilijaribu kuacha 20,000 asubuhi. Mke wa mzee alinirudishia mfukoni, akanifungia na kipande cha mhogo. "Kama ni hela, katutengenezee friji ya mtoto wetu." Nimeshaitengeneza.

Jumatano, 12 Februari: Kunduchi, siku iliyopotea

Boti ilikuwa iondoke leo. Haikuondoka. Karatasi moja ya kuvulia ilihitaji kulipiwa upya, na ofisi ya kuitoa ikasema mfumo uko chini, namba ya malipo haitoki. Saa nne haitoki. Saa saba wamekwenda kula. Saa tisa na nusu ikatoka, na bahari ikawa imeshachafuka. Wageni wanne waliolipa walirudi hotelini. Kiasi walichochanga sikitaji, ila ningeweza kununua bajaji iliyochoka. Mwenye boti akatembea ukumbini akihesabu kwa sauti ni nani wanasubiri fedha hiyo: nahodha, mabaharia wawili, kijana wa barafu, mama wa chakula, dereva wa kuwaleta wageni, fundi wa injini, na mimi nikiwa kwenye orodha.

Lakini siku hiyo ndiyo nilielewa maneno yake ya "karatasi". Alitoa faili nene, akanisomesha mpaka Magharibi. Nayaandika nilivyoyashika.

Jodari na samaki wenzake wa bahari kuu husimamiwa na Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, IOTC, makao yake Victoria, Shelisheli. Tanzania ni mwanachama tangu 2007. Jina lenyewe linakwambia kipaumbele. Sulisuli na nduwaro, ndugu yake wa mdomo mrefu, wamo, ila mle ndani wamekaa kama wageni waalikwa. Mwaka 2018 tume iliweka kikomo cha kila mwaka: sulisuli tani 25,000, nduwaro mweusi tani 9,932. Wanachama wanatakiwa wajitahidi kutokivuka. Wajitahidi! Kikomo cha sulisuli kimeshapitwa, na hakuna meli iliyogeuzwa njiani kwa ajili hiyo. Azimio hilohilo linakataza kubakiza sulisuli au nduwaro aliye chini ya sentimita 60. Mwenye boti alipima meza kwa mikono. "Huyu ni mtoto. Anaanza kuzaa akiwa zaidi ya mara mbili ya hapa. Sheria imemlinda asiyevuliwa na mtu."

Nyavu za kutega za kuelea zinazozidi kilomita 2.5 zilikwisha kupigwa marufuku na Umoja wa Mataifa katika bahari kuu tangu mwisho wa 1992. IOTC iliongeza marufuku hiyo mpaka ndani ya maji ya nchi kuanzia Januari 2022. Kwenye karatasi, safi. Ila sehemu kubwa ya sulisuli wa Bahari ya Hindi hunaswa na nyavu za kutega za nchi za pwani zenyewe, nyingi zikiwa ndogo kuliko kipimo hicho. Jarife la mzee wangu wa Kimbiji halifiki hata robo.

Halafu vyelezo. Februari 2023, kikao kikiwa Mombasa, wanachama walipiga kura kupunguza vyelezo vinavyoelea na kufunga uvuvi wake kwa siku 72 kila mwaka. Sasa sikiliza utaratibu: mwanachama asiyetaka ana siku 120 za kuandika barua ya kupinga, na azimio halimfungi. Barua zikaandikwa, ya Umoja wa Ulaya ikiwamo. Mimi nikimwandikia mwenye nyumba wangu kwamba napinga kodi, nitalala nje.

Nilimwuliza hasira yake hasa ni ipi, maana aliongea kama mtu anayedaiwa. Akasema, "Wanahesabu kwa tani. Sulisuli mmoja kwenye hesabu zao ni kilo thelathini za ziada. Kwangu huyohuyo nimeshamvua mara nyingi, nikamwachia, na kila mara watu saba wamekula."

Sikukubali yote. Mama wa Feri naye anakula, na yeye hana faili.

Alhamisi, 13 Februari: Fungu Kizimkazi

Tuliondoka saa kumi alfajiri, mwezi mpevu juu yetu, maji ya bamvua yamejaa mpaka kwenye mikoko. Usiku wake ulikuwa mkesha wa Nisfu Shaabani, usiku wa ibada kwa Waislamu, na nahodha alitangaza mapema kwamba Magharibi haitamkuta baharini, mgeni apate samaki asipate.

Saa mbili na ushee za kupigwa na mawimbi nazipita. Nilitapika mara mbili, upande wa chini ya upepo, kama nilivyofundishwa. Ushauri: tangawizi, mkate mkavu, na usiingie chini kwenye kabini hata ukiitwa.

Fungu Kizimkazi, ambacho wageni wanakiita Latham, kiko zaidi ya kilomita 60 mashariki ya Dar. Usitarajie kisiwa cha kadi ya posta. Ni bamba la jiwe la matumbawe lililoinuka mita chache juu ya maji, halina mti, halina kivuli, limepakwa chokaa na kinyesi cha ndege. Ndege wenyewe ni maelfu, na kelele zao zinafika kabla hujakiona. Bahari inayokizunguka inashuka ghafla kina kirefu, ndiyo maana jodari, nguru na samaki wa mdomo mrefu wanapita karibu.

Mabaharia wakaanza kurambaza: mishipi minne nyuma ya boti, chambo za plastiki zenye sketi zikirukaruka kwenye povu. Saa tatu hakuna. Saa nne jodari mdogo. Mmoja wa wageni, mzee Mmarekani wa Florida, alikaa karibu nami kwenye kivuli, akaniambia kwa Kiswahili cha kukwama, kwa kuwa amekaa Arusha muda mrefu, kwamba kwao sulisuli hauzwi. Meli za biashara za upande wa Atlantiki zilikatazwa kumbakiza tangu 1988, na sheria ya 2012 ikazuia biashara ya samaki wa jamii hiyo karibu nchi nzima, Hawaii ikiachwa. Mwaka 2001 maji ya mashariki ya Florida yakafungwa kwa meli za mshipi mrefu, ule wa ndoana mamia kwa maelfu. Basi mwaka 2017 wakuu wa uvuvi wakatoa kibali cha kuziingiza tena baadhi, kwa jina la utafiti. Kelele zikawa kubwa. "Ninyi mlifunga mlango," nikamwambia, "mkaacha dirisha." Akacheka, akasema bora huyo aliye na mlango.

Saa tano na robo mshipi wa kushoto ukalia.

Sitaeleza mapambano, wapo wanaoyaeleza vizuri. Nitaeleza dakika mbili za mwisho. Baharia, kijana wa umri wa mdogo wangu, alivaa glovu, akainama mpaka kifua kikagusa maji, akamshika sulisuli mdomo. Samaki alikuwa buluu. Pezi lilikuwa wazi lote, lina madoa meusi, na milia ya ubavuni ilikuwa ikiwaka na kuzima kama taa za kibanda cha M-Pesa. Lile pezi la Feri na hili sikuweza kuyaunganisha kichwani. Kijana akatoa ndoana kwa koleo, akaashiria, nahodha akaisogeza boti mbele taratibu ili maji yapite kwenye matamvua. Akamshikilia hivyo, akimsemesha kwa sauti ya chini kama anayembembeleza mtoto. Kisha akafungua vidole. Nilipiga picha, ilitoka na bega la Mmarekani na nusu ya mkia.

Mgeni alimpa kijana bahashishi ya dola hamsini. Niliipiga hesabu palepale: pungufu kidogo ya bei ya yule wa Feri, na samaki bado yumo majini.

Wakati wa kurudi tulikiona chelezo. Mianzi iliyofungwa, mkia wa nyavu chakavu ukining'inia chini, na juu yake boya la sola kama lile la sebuleni Kimbiji. Chini yake jodari wadogo walijaa kama wali kwenye sufuria. Huko mbali, mtu kwenye skrini alikuwa akiona kilipo. Nahodha akapita mbali. "Cha watu," alisema. Nikamwuliza cha watu gani. Akainua mabega, akatazama jua.

Tulifika Kunduchi saa kumi na mbili na nusu. Muadhini akatukuta tunafunga kamba.

Ijumaa, 14 Februari: nyumbani

Nililala mpaka saa nne. Kwa wanaopenda hesabu, safari nzima ilinigharimu 61,500 za mfukoni, ukiacha lile deni la 380,000 nililolila kwa macho. Ngozi ya pua ilibanduka wiki nzima. Wanaotaka kwenda kuvua kwa mchezo waulize mambo mawili kabla ya kulipa: kama boti ina leseni yake, na kama wanamwachia samaki wa mdomo mrefu au wanamleta nchi kavu. Wapo wanaofanya yote mawili, kutegemea mgeni.

Mchana nilimtumia mzee wa Kimbiji ile picha mbovu, kupitia simu ya mpwa wake wa maandazi. Nikaeleza kwamba tulimvua, tukamwachia akiwa mzima. Jioni ukaja ujumbe wa sauti. Kwanza alinishukuru kwa kumkumbuka. Kisha kimya kidogo, upepo ukisikika, na mtu akigongagonga kitu.

"Mwanangu, sasa mlimwachia anaelekea upande gani?"

Sijamjibu mpaka leo.